Wami Kabla ya Vuli

Jumatatu: Bagamoyo mjini

Nimeuchagua mwezi wa Oktoba kwa makusudi. Mito miwili mikubwa ya wilaya ya Bagamoyo, Ruvu na Wami, hupungua sana katika majuma yanayotangulia mvua za vuli, na anayetaka kujua kama mto umeahidiwa kwa watu wengi kuliko maji yaliyomo hana budi kuutazama wakati huo. Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamejaza mabonde, hakuna anayegombana na mwenzake juu ya maji, na hesabu zote za ofisini huonekana kuwa sahihi.

Safari hii inatokana na swali moja. Dunia imeamua, na imefanya vyema kuamua, kuachana hatua kwa hatua na petroli, dizeli na makaa ya mawe. Mahali pake panawekwa ethanoli ya miwa, betri, haidrojeni, treni za umeme na umeme wa mabwawa. Mazungumzo juu ya mambo hayo hujaa habari za hewa ukaa, na habari za maji hutajwa mwishoni, kama zinatajwa kabisa. Ilhali hakuna hata kimoja kati ya viwanda hivyo kinachoweza kuanza kazi bila maji ya kumwagilia, ya kuchemsha, ya kupoozea mitambo au ya kuoshea madini. Nataka kujua maji hayo hutoka kwa nani. Bagamoyo ni mahali pa kufaa kuuliza, kwa kuwa hapa mpango mkubwa wa nishati ya kijani ulifika mapema, ukakaa takriban miaka kumi, ukaondolewa, na mto ukabaki na madai yaleyale.

Asubuhi nilikwenda soko la samaki, mashua zikiwa zimeshaingia. Nilimwamkia mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipanga kamba kwa mafungu, akaitikia na kunionyesha jinsi mafungu yake yalivyokuwa madogo. Nilipomuuliza sababu hakutaja bahari. "Mwaka wenye mvua ndio mwaka wa kamba, mwanangu," alisema. "Mto ukikonda, wavu unarudi mtupu."

Maneno yake yanakubaliana na wanasayansi. Kamba hutaga baharini, lakini wadogo wao husogea kwenye midomo ya mito, wakajificha katika mizizi ya mikoko ambako maji yana chumvi kidogo na chakula kingi, kisha hurudi baharini wakikua. Ndiyo maana pwani ya Bagamoyo na Saadani, inayopokea Ruvu na Wami kwa pamoja, imekuwa kwa miaka mingi moja ya maeneo makuu ya kamba nchini, sambamba na delta ya Rufiji. Maji ya mto yanayoingia baharini, ambayo nimewahi kusikia watu wa miradi wakiyaita maji yanayopotea, ndiyo mtaji wa mama yule.

Jumanne: Daraja la Ruvu

Tulitoka mjini kwa pikipiki, mimi na kijana wa bodaboda aliyekubali kuwa nami juma zima, tukashika barabara ya Msata hadi darajani. Bonde la Ruvu ni pana na tambarare, na wakati huu mashamba ya mpunga yalikuwa yamebaki mabua. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yanakwenda polepole sana.

Mtoni juu kutoka daraja hili, ndani ya wilaya hiihii, uko mtambo wa maji wa Ruvu Chini, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Ukiongeza lita milioni 196 za mtambo wa Ruvu Juu ulioko upande wa Mlandizi, unapata lita milioni 466 ambazo mto mmoja unatakiwa kuzitoa kila siku kwa ajili ya Dar es Salaam na miji ya Pwani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5 katika Dar es Salaam peke yake, na ndani ya namba hiyo hakuna viwanda. Mwishoni mwa mwaka 2021, na tena Oktoba 2022, mvua zilipochelewa, mto ulishuka kiasi kwamba jiji likaingia kwenye mgao. Nyakati hizo macho yaliwageukia kwanza wakulima wenye pampu ndogo na wafugaji walioko juu ya mto. Sisemi kwamba hawachukui maji. Wanachukua, na baadhi yao hawana vibali. Lakini pampu ya mkulima iko kando ya mto ambako kila mpita njia anaiona, ilhali maji yanayoingia kiwandani mjini hupita kwenye bomba lilelile la nyumbani, na hakuna anayeyatazama.

Bwawa la Kidunda, linalojengwa mkoani Morogoro, limekusudiwa kuhifadhi meta za ujazo milioni 190 ili zifunguliwe katika miezi ya ukame, na pia kutoa megawati 20 za umeme. Wazo lake lina umri wa zaidi ya nusu karne. Naliona kuwa la lazima. Hata hivyo bwawa huongeza maji ya kugawana bila kusema nani atatangulia kugawiwa. Kama mpango wa eneo maalumu la kiuchumi na bandari ya Mbegani, uliotiwa saini mwaka 2013, ukasimamishwa na kisha ukazungumzwa tena, utatimia, sioni viwanda vyake vitategemea nini zaidi ya Ruvu na visima.

Chini ya daraja tulimkuta mkulima mmoja akitengeneza mfereji. Alitueleza kwamba wasiwasi wake mkubwa ni bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi, kwa hiyo mto unapokosa nguvu, bahari hupanda nao kwa chini, ikitambaa kwenye sakafu ya mto huku juu maji yakionekana ya kawaida. Mkulima akivuta maji siku hiyo bila kuyaonja, anamwagia shamba lake chumvi. Alisema huyaonja kila mara kabla ya kufungua mfereji, na vijana wake amewafundisha kufanya hivyo. Ruvu ukishuka na nguvu, chumvi husukumwa kurudi baharini. Hiyo nayo ni kazi ya mto, ingawa haiandikwi popote kuwa matumizi ya maji.

Jumatano: Makurunge na Razaba

Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Baada ya daraja barabara inapanda hadi Makurunge, na kaskazini yake, hadi ukingo wa Wami, imelala ardhi ambayo kila mtu hapa huiita Razaba, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Serikali ya Zanzibar ilifuga ng'ombe hapa tangu miaka ya 1970, na ranchi ikafungwa katika miaka ya 1990. Watu walikuwepo kabla yake, wengine wakaingia baadaye: wakulima, wachoma mkaa, wavuvi wa Wami, wafugaji waliotoka mbali na mifugo yao.

Kilichofuata kilianzia mbali sana na Makurunge. Mwaka 2006 Uswidi ilianza kutekeleza sheria iliyovitaka vituo vikubwa vya mafuta kuuza walau aina moja ya nishati jadidifu, na vingi vilichagua ethanoli. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukaagiza kwamba ifikapo mwaka 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri iwe jadidifu. Kampuni ya SEKAB ya mji wa Örnsköldsvik, iliyomilikiwa kwa sehemu kubwa na mashirika ya nishati ya manispaa za kaskazini mwa Uswidi, ilikuwa tayari ikitafuta ardhi ya miwa, na Tanzania ilikuwa na Razaba. Mwaka 2009 SEKAB ilijitoa na mradi ukachukuliwa na kampuni ya EcoEnergy, ukiendelea kwa jina la Bagamoyo EcoEnergy. Mwaka 2013 ikatolewa hati ya zaidi ya hekta 20,000. Shabaha nayo ilibadilika: ethanoli ya kusafirishwa ikarudi nyuma, sukari ya soko la ndani ikatangulia, na umeme wa kuchoma makapi ya miwa ukaongezwa. Shirika la maendeleo la Uswidi, Sida, liliacha kuuunga mkono mwaka 2015, na mwaka 2016 serikali ya Tanzania ikafuta hati. Wawekezaji walikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Aprili 2022 Tanzania iliamriwa kulipa takriban dola za Marekani milioni 165. Wakati huo sehemu ya ardhi ilikuwa imekwisha kupewa mwekezaji wa ndani, na leo kuna miwa na kiwanda cha sukari.

Mengi yamesemwa juu ya ardhi ile, na ilistahili kusemwa. Mimi nataka kukaa kwenye maji, kwa sababu miwa ya Bagamoyo ni habari ya maji kabla ya kuwa habari ya kitu kingine chochote. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hukadiria kwamba muwa unahitaji kati ya milimeta 1,500 na 2,500 za maji kwa msimu, na Bagamoyo hupata mvua ya takriban milimeta 1,000 kwa mwaka. Tuchukue upungufu mdogo kabisa unaowezekana, milimeta 500. Milimeta moja juu ya hekta moja ni meta za ujazo 10. Kwa hiyo hekta moja inadai meta za ujazo 5,000 kutoka mtoni, na hekta 1,000 zinadai milioni 5. Ukigawanya kwa siku za mwaka, hizo ni lita milioni 13.7 kwa siku, kiasi ambacho kingewatosha watu 274,000 wakipewa lita 50 kila mmoja. Nami nimehesabu hekta 1,000 tu, wakati mipango ya Razaba tangu mwanzo imekuwa ya maelfu ya hekta. Tena kuigawanya hesabu hiyo sawasawa kwa mwaka mzima ni kuupendelea mradi, kwa kuwa shamba halihitaji pampu wakati wa masika. Linaihitaji sasa, Oktoba, mto ukiwa hivi ulivyo.

Kwa ethanoli hesabu inakwenda hatua moja zaidi. Tani moja ya miwa hutoa takriban lita 80. Shamba la umwagiliaji likivunwa tani 100 kwa hekta, basi kila lita ya ethanoli imekunywa kati ya lita 2,000 na 3,000 za maji, mvua na umwagiliaji pamoja. Kisha kiwandani, kila lita huacha nyuma lita 10 hadi 15 za majimaji machafu yaliyojaa mabaki ya miwa, ambayo yakimwagwa mtoni bila kutibiwa hula hewa ya maji na kuua samaki. Dereva wa Stockholm aliyejaza tangi lake miaka ile hakuambiwa hayo, na sidhani kama angeambiwa angeyapuuza.

Mchana tulipumzika kwenye kibanda cha mama lishe, na hapo tulimkuta mzee mmoja aliyeishi ndani ya eneo la ranchi tangu ujana wake. Tulimpa shikamoo zetu, tukakaa mkekani. Alikumbuka vizuri siku za wapimaji. "Ardhi waliipima mbele yetu, wakaweka mawe, wakatuambia hapa ni ndani, hapa ni nje. Maji hawakuyapima mbele yetu." Nilimuuliza kama aliwahi kusikia mkutano wowote ambapo kiasi cha maji ya kutolewa Wami kilitajwa kwa namba. Alifikiri kwa muda, akasema mikutano ilikuwa mingi, ya fidia, ya ajira, ya mipaka, lakini ya namba za mto haikumbuki hata mmoja. Kijana wangu wa bodaboda, ambaye alizaliwa Makurunge, aliongeza kwamba hata leo angeulizwa ni lita ngapi zinavutwa kule juu hangejua aanzie ofisi ipi.

Naona hapa ndipo penye kiini. Ugomvi wa ardhi una mawe, ramani na watu waliohamishwa. Mahakama inaweza kuusikiliza. Ugomvi wa maji hauna alama ya kuonyesha. Mto unaendelea kupita mbele ya nyumba ya mtu, umepungua, na yeye hana njia ya kuthibitisha kwamba upungufu huo umetokana na mvua au umetokana na mkono wa mtu.

Alhamisi: Gama hadi mdomo wa Wami

Tuliondoka Gama kwa mtumbwi alfajiri, maji yakiwa yanakupwa, pamoja na mvuvi mmoja na mwanawe. Wami hapa ni mpana, una viboko na mamba, na kadiri unavyoteremka miti ya kawaida inaachia mikoko. Ukingo mmoja ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo watalii huambiwa kuwa ni mahali ambapo nyika inakutana na bahari. Kwa mvuvi wetu ni mahali ambapo maji mawili yanakutana, na kazi yake yote ni kujua yanakutana wapi leo.

Alikuwa na alama zake. Aina fulani ya mkoko hustawi karibu na bahari na nyingine hupenda maji mepesi zaidi, na yeye alituonyesha kona ambako, kwa kumbukumbu yake, miti ya maji mepesi ilikuwa mingi na sasa mingine imekauka vichwa. Alichovya kiganja, akaonja, akatema, akasema, "Bado chumvi." Tuliendelea kupanda na kushuka mpaka jua likawa kali, na mahali alipopaita mpaka palikuwa juu zaidi ya pale baba yake alipokuwa akipataja. Siwezi kupima kumbukumbu ya mtu, lakini naichukulia kwa uzito, kwa sababu chakula cha nyumba yake kinategemea usahihi wake.

Si kila mtu wa mdomo wa mto anataka maji baridi. Upande wa Kitame na Saadani kuna mashamba ya chumvi, na mwenye shamba la chumvi huombea jua na bahari isiyochanganywa. Baadhi ya mashamba hayo yalichimbwa palipokuwa na mikoko. Naandika hili ili nisije nikawafanya watu wa pwani kuwa kundi moja lenye nia moja. Wana nia zinazogongana, na ndiyo sababu wanahitaji kuwa mezani wakati maji yanapogawanywa.

Sheria haijawasahau kabisa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zinaweka mahitaji ya msingi ya binadamu kwanza, kisha akiba ya mazingira, yaani maji yanayopaswa kuachwa mtoni ili mto uendelee kuwa mto, na shughuli za uchumi baada ya hayo. Kwa Wami, tathmini ya akiba hiyo ilifanyika mwaka 2007, mapema kuliko mito mingi nchini. Katika maandishi, mkoko na kamba wako mbele ya muwa.

Lakini utekelezaji hupitia kibali. Anayechota maji kwa pampu anapewa kibali chenye jina lake, kiasi chake na ada yake, na akipunjwa anaweza kwenda kulalamika akiwa na karatasi mkononi. Mvuvi huyu hachoti kitu. Anahitaji maji yapite tu, yafike, yasukume chumvi, yalishe mikoko. Kwa hiyo hana kibali, hana ada, jina lake halimo katika daftari, na katika hesabu ya nani atapunguziwa mwaka wa ukame yeye huwa amekwisha kupunguziwa kabla kikao hakijaitishwa. Akiba ya mazingira ndiyo karatasi yake pekee, na akiba hiyo haina mtu wa kuisimamia saa nane usiku pampu zinapofanya kazi.

Ijumaa: Saadani

Siku fupi. Tuliswali, tukapumzika, na jioni niliandika.

Nilimweleza kijana wangu kwamba jambo hili halikuanzia Bagamoyo wala haliishii hapa. Huko Grünheide, karibu na Berlin, kiwanda cha magari ya umeme cha Tesla kilichofunguliwa mwaka 2022 kimejengwa kwa sehemu ndani ya eneo la kulinda maji ya kunywa, kikiwa na mkataba wa hadi meta za ujazo milioni 1.4 kwa mwaka, na mwaka 2024 wakazi walipopigiwa kura suala la upanuzi wengi waliukataa. Huko Chile, katika bonde kame la Atacama, lithiamu ya betri hupatikana kwa kuvuta maji ya chumvi kutoka ardhini na kuyaacha yakauke juani. Haidrojeni inayopangwa katika nchi nyingi za Afrika huhitaji, kwa kemia yenyewe, lita 9 za maji safi kwa kila kilo, kabla ya kuhesabu yale yanayotumika kusafisha na kupooza. Aliniuliza kama Wajerumani waliopiga kura walijua idadi ya maji ya kile kiwanda. Nilimjibu kuwa walijua, ilichapishwa. Akasema, "Basi wenzetu wamegombana wakiwa na namba."

Jumamosi: Matipwili

Matipwili kiko kando ya Wami, na wenyeji wake wanalima mihogo, mahindi, ufuta, na mpunga kwenye mabonde yanayofurika. Wakati wa mpango wa EcoEnergy, vijiji vya ukanda huu viliambiwa habari ya wakulima wa nje, watakaolima miwa yao kwa mkopo na kuiuza kiwandani.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia lawama. Nilizisikia, lakini nilisikia pia jambo lingine ambalo ni haki niliandike kwa uzito uleule. Vijana watatu waliokuwa kijiweni waliniambia waziwazi kwamba wanataka kiwanda, wanataka barabara, wanataka mshahara wa mwisho wa mwezi, na hawaoni kwa nini mtu wa mjini aje kuwahurumia kwa sababu ya mikoko. Mmoja alisema baba yake amevua miaka thelathini na bado nyumba yake ni ya udongo. Sina jibu la kumnyamazisha, wala sikutaka. Nchi inaagiza sukari, mafuta yanatuchafulia hewa na kutumalizia fedha za kigeni, na kiwanda kinachochoma makapi yake mwenyewe kupata umeme ni bora kuliko kinachochoma mafuta mazito. Hata umeme wa treni yetu ya kisasa unategemea kwa sehemu kubwa maji ya Rufiji, kupitia bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Aliye na mashaka na kila bwawa na kila shamba la umwagiliaji atalazimika kurudi kwenye dizeli.

Nilichowauliza vijana wale ni kama wangependa kiwanda hicho kivute maji Oktoba kama kinavyovuta Aprili. Wawili walisema hapana. Wa tatu, aliyekuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Mtibwa, alisema kuna njia: mwenye shamba achimbe mabwawa yake kando ya mto, ayajaze wakati wa mafuriko, kisha miezi ya ukame anywe akiba yake mwenyewe. Ni ghali, alikiri. Ardhi ya bwawa hailimwi, na jua hunyonya sehemu ya maji. Hata hivyo gharama hiyo inamwangukia anayepata faida, na hilo peke yake linanitosha kuiunga mkono. Bila bwawa, gharama haipungui. Inateremshwa tu hadi Gama na sokoni Bagamoyo, ambako inalipwa kwa mafungu madogo ya kamba.

Mwenyekiti wa kitongoji alitaja jumuiya za watumia maji, ambazo sheria ya 2009 inaziruhusu ili watumiaji wa kijito au sehemu ya mto wasimamie ugawaji wao wenyewe. Ni chombo kizuri. Udhaifu wake uko katika jina: mwanachama ni mtumia maji, na tumekwisha kuona kwamba mvuvi wa mdomoni hahesabiwi kuwa mtumiaji.

Jumapili: Mandera

Safari ndefu na vumbi jingi hadi Mandera, ambako Wami unapita kati ya vilima. Hapa maji yanachukuliwa kwa ajili ya mji wa Chalinze na vijiji vyake, na hapa kiko kituo cha kupimia mto ambacho wataalamu wa bonde hukitambua kwa namba 1G2, chenye kumbukumbu tangu miaka ya 1950. Karibu kila kauli inayotolewa juu ya wingi wa maji ya Wami ya chini, iwe ya serikali, ya mwekezaji au ya mwanamazingira, inasimama juu ya mbao hizi za kupimia zilizochomekwa ukingoni.

Mtu mmoja wa hapohapo husoma kina asubuhi na alasiri na kukiandika daftarini. Kina kikishajulikana, hugeuzwa kuwa mtiririko kwa kanuni iliyotengenezwa kwa kupima kasi ya maji siku mbalimbali. Kanuni hiyo inahitaji kurekebishwa mara kwa mara, maana sakafu ya Wami ni mchanga, na kila mafuriko huuhamisha. Kina kilekile mwaka huu kinaweza kuwa na maji pungufu kuliko mwaka jana. Kosa dogo katika masika halina madhara, mto una ziada. Kosa hilohilo katika Oktoba linaweza kuwa sawa na shamba zima la miwa. Kwa hiyo miezi ambayo tunahitaji uhakika zaidi ndiyo miezi yenye uhakika kidogo, na fedha za kulipia wapimaji ni ndogo sana zikilinganishwa na thamani ya vibali vinavyotegemea kazi yao. Kama kuna mahali pa kutia senti ya kwanza ya mradi wowote wa kijani katika bonde hili, ni hapa.

Juu ya Mandera mto una wenyewe wengine: mashamba ya mpunga ya Dakawa, miwa ya Mtibwa, vijito vingi vinavyotoka milima ya Nguru na Ukaguru. Bonde la Wami na Ruvu, lenye zaidi ya kilometa za mraba 60,000, linasimamiwa na bodi yake yenye makao Morogoro, na sina shaka kwamba wanaofanya kazi pale wanajua haya yote kuliko mimi. Wanachokosa ni watu wa chini ya mto wanaodai kwa namba.

Nikiwa nimeketi kwenye kivuli, niliandika rasimu ya barua kwa bodi, ili viongozi wa Makurunge, Gama, Saadani na Matipwili waipitie na kuitia saini wakiridhika. Inaomba kwamba kila kibali kikubwa cha Wami kiandikwe kipimo cha Mandera ambacho, mto ukishuka chini yake, pampu ni lazima izimwe. Kwamba kipimo hicho, pamoja na kiasi cha kibali na jina la mwenye nacho, vibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za vijiji hivyo. Na kwamba wavuvi wa mdomoni wapewe kiti katika vikao vya bonde hata kama hawachoti ndoo moja. Nilimsomea kijana wangu na yule msoma kipimo.

Msoma kipimo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nikiandika kwamba mto umeshuka chini ya mstari, nani atawapigia simu wenye pampu? Mimi naandika, daftari linachukuliwa baadaye." Niliongeza ombi la nne chini ya ukurasa: kwamba kipimo kitumwe siku hiyohiyo kwa simu kwa bodi, kwa wenye vibali na kwa vijiji vya chini kwa pamoja, na kwamba anayekituma alipwe kwa kazi hiyo.